Kwelea kwelea: angalia mdomo kabla hujashika sumu

Vijana wenzangu wa mpunga, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Nikiwa bado mgeni kazini, mkulima mmoja aliniita jarubani: "Bwana shamba, hawa wenye mdomo wa njano ni ndege gani?" Nikajibu kwa kujiamini: hao shomoro tu, kwelea kwelea ana mdomo mwekundu. Wiki chache baadaye makinda wakatoka kwenye matete, mpunga wake ukaisha.

Wale walikuwa kwelea majike. Wakati wa kuzaliana, mdomo wa jike hubadilika kutoka mwekundu kuwa wa njano. Dume anabaki na mdomo mwekundu, na usoni anapata kama barakoa, mara nyingi nyeusi. Msimu wa kuzaliana ukipita, wote wanakuwa kahawia wenye mdomo mwekundu, huwezi kuwatofautisha.

Kwa hiyo ukiona midomo ya njano, jua viota viko karibu. Mayai yanaanguliwa kwa siku 10 hadi 12 hivi, na baada ya wiki mbili hivi makinda wanaruka. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Wakiwa 100,000, hiyo ni tani nzima kila siku!

Kuna wanaosema ndege ni ndege, tega sumu wafe wote. Mimi napinga. Yule dume mwekundu na mweusi wa kwenye matete siyo kwelea, na jike wake ni kahawia mwenye michirizi, anafanana sana na kwelea, ila mdomo wake umepauka, siyo mwekundu wala wa njano. Hao wanakula mpunga, lakini hawaji kwa makundi makubwa kama kwelea, kuamia kunatosha. Sumu yako itaua hao, itaua na korongo anayekupunguzia konokono majarubani. Na kuna watu wanaookota ndege waliokufa wakala. Hilo utalijibu vipi?

Ushauri wangu: piga picha ya mdomo kwa simu, onesha sehemu walipo, peleka ofisi ya kilimo siku hiyohiyo. Kupulizia makazi yao ni kazi ya wataalamu wa serikali, siyo yako na chupa ya dawa.

Na bwana shamba wako akikujibu haraka haraka kama nilivyojibu mimi, mwambie aje aangalie mdomo.