Kihispania cha wiki tano: Kumbe Mswahili anaanza na mtaji!

Huku Unyamwezini mwenzenu nipo, nadunda. Joto la Houston msimu huu ni lile lile la Dar mwezi wa Februari, tofauti ni kwamba hapa hapiti mtu na baiskeli ya madafu.

Wiki hii naomba tuzungumzie shule kidogo, lakini msifungue ukurasa wa pili haraka, kuna utamu wake. Kuna swali ambalo vijana wengi wa nyumbani wananiuliza: "Bro, nikija huko Kiingereza peke yake kinatosha?" Jibu langu ni hili: kinatosha kukufikisha darasani, lakini jikoni hakikufikishi. Nitaeleza.

Chuo ninachotaka kuhamia kumalizia digrii kinadai mwanafunzi awe amesoma lugha ya kigeni. Chuoni kwangu Kiswahili hakimo kwenye orodha ya masomo. Kihispania kimo, tena kina kozi ya kiangazi, ya chapuchapu. Somo la muhula mzima wa miezi minne wanalikamua kwenye wiki tano. Jumatatu mpaka Alhamisi, saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Piga hesabu: saa nne kwa siku, siku nne kwa wiki, wiki tano, jumla saa 80. Jaribio kila asubuhi, mtihani kila Alhamisi. Ukiugua mafua siku moja, umekosa wiki nzima ya watu wa kawaida. Ukifeli, ada yote imekwenda na maji, na sisi wageni ada yetu ni kubwa kuliko ya wenyeji. Hapo ndipo utajua kama ulikuja kusoma au kupiga picha.

Siku ya kwanza darasani tulikuwa 23, Wamarekani watupu kasoro mimi na binti mmoja wa Vietnam. Ticha wetu, mama wa Kikolombia asiyecheka ovyo, akaandika ubaoni: a, e, i, o, u. Akasema kila herufi hapo ina sauti moja tu, haibadiliki mpaka kiama. Wenzangu wakaanza kuhangaika. Jirani yangu, jamaa wa hapa hapa Texas, akitamka "o" inatoka na mkia wa "u" nyuma. Mimi nikajisemea moyoni, jamani, hii si ile a-e-i-o-u ya darasa la kwanza, mwalimu ameshika fimbo na sisi tunaimba?

Ndiyo hiyo hiyo. Na ile "ñ" yao yenye kofia, inayowatoa watu jasho, ni "ny" ya nyanya. Hata mkazo wa neno mara nyingi unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Ticha akanisikia nikisoma, akasimama. Akaniuliza kwetu tunasema lugha gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama fundi aliyepata mbao nzuri.

Sasa wasomaji wangu, huo ulikuwa mwanzo tu. Uhondo wenyewe uko kwenye sarufi, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mmarekani akiwa na njaa anasema yeye "ni" mwenye njaa. Akitaja umri anasema yeye "ni" wa miaka 20. Mhispania je? "Tengo hambre", nina njaa. "Tengo sed", nina kiu. "Tengo 20 años", nina miaka 20. Neno kwa neno! Kichwa kikiuma, Mhispania ana usemi kama wetu huu huu. Anasema "me duele la cabeza", kichwa kinaniuma. Darasa zima lilikaa nusu saa likibishana kwa nini kichwa ndicho kinachofanya kazi ya kuuma. Mimi nilikuwa nachora katuni kwenye daftari.

Au chukua hili: "hablo" ni neno moja, lakini ndani yake yumo mtu. Nasema. "Hablas", unasema. "Hablamos", tunasema. Sisi mtu tunamweka mwanzo wa kitenzi, wao wanamweka mkiani, ila mchezo ni ule ule: huna haja ya kutaja "mimi" na "wewe" kila saa. Na "te quiero", ambayo najua vijana ndiyo mnaitafuta, ni "nakupenda": yule anayependwa anakaa mbele ya kitenzi, kama "ku" yetu.

Wiki ya pili likaja jinamizi la wanafunzi wote wa Kihispania duniani, yaani "ser" na "estar". Kiingereza kina neno moja tu kwa yote mawili. Wamarekani wanaandika orodha, wanatunga vifupisho, wengine karibu walie. Mswahili ana njia ya mkato. "Es doctor", ni daktari. "Está en casa", yuko nyumbani. Nani kati yenu aliwahi kuchanganya "ni" na "yuko"? Si hakuna? Basi nusu ya mzigo umeshautua. Nusu ya pili ni hali za kupita, mfano "estoy cansado", na hapo sisi tunatumia "me": nimechoka.

Halafu kuna mambo ya jinsia. Kila kitu kwao ni dume au jike, na sifa inafuata: "libro blanco", "casa blanca", "casas blancas". Jamaa wa Texas akauliza kwa uchungu, kwa nini neno "nyeupe" linabadilika kila likikutana na kitu kipya? Nilimwonea huruma. Sisi tuna mtu mweupe, kitabu cheupe, gari jeupe, ukuta mweupe, kuta nyeupe, na bado tunafika kazini kwa wakati. Wao wana makundi mawili tu!

Lakini msije mkavimba kichwa, maana mitego ipo. "Mano", mkono, linaishia na "o" lakini ni jike. "Día", siku, linaishia na "a" lakini ni dume, na "problema" vile vile. Hayo unayameza kama yalivyo. Na wale wenzetu ambao "r" na "l" kwao ni ndugu wa tumbo moja, wawe makini: "pero" ni lakini, "pelo" ni nywele, na "perro" ya kutikisa ulimi ni mbwa. Utasema unampenda mtu lakini, kumbe umemwambia unampenda mbwa.

Hatari nyingine ni maneno yanayofanana na ya kwetu halafu yanakuangusha. "Leo" kwao ni nasoma. "Papa" ni kiazi. "Baba" ni udenda, yale mate ya mtoto. Na wasomaji wangu, ukiwa mahali penye Wahispania usimwite mtu "kaka" kwa sauti. Kwao neno hilo ni kinyesi. Niliwahi kumsikia Mkenya mmoja akimpigia simu ndugu yake kwenye basi, "Kaka! Kaka!" Watoto wawili wa Kimeksiko nyuma yake walicheka mpaka mama yao akawafunika mdomo.

Yapo pia maneno ambayo ni ndugu wa kweli, na historia ndiyo shahidi. Waarabu na Waberberi waliingia Hispania mwaka 711, na utawala wa mwisho wa Kiislamu kule, Granada, ukaanguka mwaka 1492. Karibu miaka 800 si mchezo. Kwa hiyo sukari ni "azúcar", zafarani ni "azafrán", zeituni ni "aceituna". Meya wao wanamwita "alcalde", na mzizi wake ni kadhi huyu huyu wetu. Mreno naye, ambaye lugha yake ni pacha wa Kihispania, alifika pwani yetu na Vasco da Gama mwaka 1498, akaja kung'olewa Mombasa mwaka 1698. Alituachia meza, bendera, mvinyo na karata. Mhispania anasema "mesa", "bandera", "vino" na "cartas". Unaona mambo hayo? Unafika darasani kumbe nusu ya fanicha ni ya kwenu.

Sasa turudi kule jikoni nilikowaahidi. Sheria inaturuhusu wanafunzi wa kigeni kufanya kazi hapo hapo chuoni, si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mimi niko kwenye mkahawa wa chuo, nakata vitunguu na kubeba boksi kwelikweli. Kule nyuma Kiingereza kinaishia mlangoni. Anayeosha vyombo ni mzee mmoja kutoka Guatemala, na mimi alikuwa akiniita "mijo", yaani mwanangu, hata kabla sijajua maana yake.

Wiki ya tatu ya kozi, mkubwa wetu wa zamu akamwambia mzee abebe makreti ya soda kutoka kwenye gari. Mzee akatikisa kichwa. Mkubwa akarudia kwa sauti ya juu, kana kwamba sauti ikipanda lugha inaeleweka. Mzee akasema, "Me duele la espalda, no puedo." Mkubwa akaona huu ni ugoigoi, akamwambia avue aproni aende nyumbani. Kwa mtu anayelipwa kwa saa, kwenda nyumbani saa tatu asubuhi maana yake mezani kwake jioni hakuna kitu.

Mimi nilisikia "me duele" tu, masikio yakasimama. Mgongo unaniuma, siwezi. Ndivyo alivyosema, sentensi ya darasani na jana yake tulikuwa tumeifanyia jaribio. Nikamwambia mkubwa. Nikamgeukia mzee, nikamuuliza tangu lini. "Desde ayer", tangu jana. Mkubwa akanyamaza kidogo, makreti nikabeba mimi na dogo mwingine, mzee akabaki kwenye sinki lake na mshahara wake wa siku. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini saa sita mzee alinisogezea sahani ya maharage aliyotoka nayo kwake, nikajua nimefaulu mtihani ambao hauna karatasi.

Baadaye akanieleza kwamba hata yeye Kihispania alijifunzia shuleni. Lugha ya mama yake ni Kimam, moja ya lugha za Wamaya. Nikamwambia hata bibi yangu alijifunza Kiswahili ukubwani, maana kwao ni Kisukuma. Tukaelewana kabisa.

Sitaki kuwadanganya vijana. Saa 80 hazikufanyi msemaji. Taasisi inayofundisha mabalozi wa Marekani inahesabu wiki zipatazo 30 za kusoma kutwa kwa Kihispania, ambazo ni saa zipatazo 750. Kiswahili wanakihesabia wiki 36, maana yake kwao sisi ndio wagumu zaidi! Kozi ya wiki tano inakupa salamu, njaa, maumivu, bei na saa. Ila hayo ndiyo mambo yanayomtokea binadamu kila siku.

Kwa wale wanaojiandaa, mwenzenu nawaachia haya. Moja, usiache kazi ya nyumbani hata usiku mmoja, maana kozi hii haingoji mtu. Mbili, soma kwa sauti, ulimi nao unahitaji mazoezi. Tatu, tafuta mtu wa kuongea naye nje ya darasa, na akiwa mtu mzima mwite "usted", ndiyo shikamoo yao. Na nne, ndiyo kubwa: ukikwama, usikimbilie kutafsiri kwa Kiingereza kwanza. Jaribu Kiswahili. Wamarekani wana maneno mengi yanayofanana na ya Kihispania, lakini mifupa ya lugha hiyo tunayo sisi. Wapo Wabongo wanaoficha Kiswahili wakifika huku, wanadhani ni mzigo wa kuacha uwanja wa ndege. Wanatupa ufunguo halafu wanalalamika mlango mgumu.

Matokeo ya sehemu ya kwanza yametoka, nina B, na Jumatatu naanza sehemu ya pili, wiki tano nyingine. Niombeeni.

Wazee wetu wanauliza "hata lini?", na Mhispania anauliza "¿hasta cuándo?" Neno ni moja, limetoka kwa Mwarabu yule yule. Kwa hiyo kwa leo naagana nanyi kwa lugha zote mbili: hasta wiki ijayo, panapo majaliwa.