Chanzo Huria Si Shamba la Bibi

Wapenzi wa riwaya mtanisamehe, leo nimekuja na leseni za programu. Msikimbie. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inaiweka programu ya kompyuta kundi moja na kitabu: ni kazi ya maandishi. Kwa hiyo tuko nyumbani.

Nina rafiki Kisarawe, mwalimu wa sekondari. Usiku usiku aliandika kijiprogramu cha tovuti: kinasoma 13:00 kwenye kompyuta, kinakuandikia "saa saba mchana". Kinajua kuwa 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri, wakati tovuti kibao zinazojiita za Kiswahili zinatuandikia "saa tano asubuhi" bila aibu. Akakiweka GitHub watu wakitumie. Leseni hakuweka. "Si nimeshasema ni bure?"

Miezi ikapita, nikakikuta Kibaha, kwenye tovuti ambayo fundi mmoja aliiuzia ofisi fulani. Nikafungua msimbo wa ukurasa. Mpaka kosa la tahajia alilofanya mwalimu kwenye maelezo limo! Kilichokosekana ni jina lake. Pale juu limekaa la fundi, na chini yake "haki zote zimehifadhiwa". Nikampigia. Akacheka: "Dada, hicho kitu cha mtandaoni. Chanzo huria hicho."

Hapana bwana. Kisicho na leseni si huria. Mwandishi akinyamaza, haki zote ni zake; kuonekana GitHub hakukufanyi uwe mrithi. Huria huletwa na leseni, na leseni ni masharti. Ile ya MIT, fupi kuliko barua ya posa, inakuruhusu utumie, ubadili, hata uuze. Inadai kitu kimoja tu: tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni vibaki. GPL ni kali zaidi: ukigawa ulichobadili, toa na msimbo wake kwa masharti yaleyale.

Na wale wanaosema kugawa kazi ni ujinga? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hakuna aliyepiga magoti Marekani kuomba ruhusa. Leseni ilishairuhusu kazi hiyo. Ushahidi, iliyozaliwa Kenya katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, ilitumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Hivyo ndivyo vitu vinavyosafiri.

Halafu ninyi mnaowaka shairi lenu likizungushwa WhatsApp bila jina, mmewahi kuuliza blogu yenu imejengwa na msimbo wa nani? (Mimi si malaika. Tovuti yangu ya kwanza nilifuta jina la aliyeunda muundo wake, eti linaharibu sura.)

Jumamosi nikapanda daladala Maili Moja, nikabadili, nikabadili tena Gongo la Mboto, hadi Kisarawe. Nilikuwa na hasira, nikamshikilia aweke GPL. Mwalimu akasoma zote mbili taratibu kama anasahihisha insha, akachagua MIT. Akaandika mwaka, jina lake, la baba na la babu, akapandisha faili. Tukamtumia fundi kiungo.

Tiki za bluu zimeshatokea. Jina bado hajarudisha.