Sauti ya Jirani na Utunzaji wa Mazingira

Kwa nini wafanyabiashara katika nchi zinazoendelea hukubali kutunza mazingira? Swali hili limejadiliwa mno na wanauchumi na wanasheria. Wanataaluma wa Kiswahili aghalabu wamekaa kando, kana kwamba moshi na maji taka si mambo ya lugha. Makala haya yanadai kinyume: msukumo ulio imara kuliko yote hutegemea lugha anayoielewa jirani wa kiwanda.

Msukumo wa kwanza ni sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira mwaka 1999, na kwayo ikaundwa mamlaka ya NEMA. Makali ya sheria yalidhihirika tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa. Kwa kuhofia faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, maduka yaliiacha mifuko hiyo upesi. Hata hivyo, mfuko huonekana mkononi mwa mteja, ilhali maji taka yanayomwagwa mtoni usiku wa manane hayaonwi na mkaguzi aliye mbali.

Msukumo wa pili ni mnunuzi. Wakulima wa maua waliunda Baraza la Maua la Kenya mwaka 1996, likaweka kanuni za matumizi ya dawa na maji na za hali ya wafanyakazi, kwa kuwa masoko ya Ulaya yalihitaji uthibitisho. Msukumo huu una nguvu, lakini haumfikii asiyeuza ng'ambo.

Msukumo wa tatu ni mfuko wa mwenye mali. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilichoma makapi ya miwa ikazalisha umeme na kuuza ziada katika gridi ya taifa. Taka ikageuka fedha. Lakini kampuni hiyo ilipozama katika madeni, hata ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, manufaa hayo nayo yalizama. Utunzaji unaotegemea faida pekee hufa pamoja na faida.

Unabaki msukumo wa nne, nao ni jirani. Huyu hulala na kuamka pale pale. Hahitaji kutumwa na mtu kuja kuona. Ushahidi upo Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka katika betri kuukuu kiliwadhuru wakazi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, aliongoza malalamiko ya wanakijiji. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo mwaka 2023, lakini Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mfanyabiashara yeyote aliyeifuatilia kesi hii ameona kwamba jirani aliyepuuzwa leo anaweza kuwa mdai mahakamani kesho.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Tuchukue mfano wa Plateau, kituo cha biashara karibu na Eldoret, katika nchi ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Mwenye kiwanda cha mbao au mashine ya kusaga unga mahali kama hapo hana mnunuzi wa Ulaya wa kumwogopa. Anayeweza kumhimiza ni mkulima wa shamba la pili, anayezungumza Kikalenjin nyumbani na Kiswahili sokoni. Kanuni za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira zinataka mradi mkubwa utangazwe redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, na mikutano ya hadhara ifanywe. Lakini ripoti yenyewe kwa desturi huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mkulima huitwa mkutanoni kutoa maoni kuhusu kurasa asizoweza kuzisoma. Ukimya wake huhesabiwa kuwa ni ridhaa.

Hali hii haiafikiani na Katiba ya 2010. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Haki hizi ni pana, lakini haki isiyoeleweka haidaiwi.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Ni kweli kwamba kazi ipo. Neno risasi, kwa mfano, humaanisha madini na pia kitu kinachofyatuliwa kwa bunduki. Mwanakijiji akiambiwa kwamba damu ya mtoto wake ina risasi bila maelezo, atashangaa badala ya kuelewa. Lakini tatizo hili ni la kutatuliwa na wanaisimu na wafasiri, wala si sababu ya kumnyima mwananchi habari.

Katika Kaunti hiyo hiyo ya Uasin Gishu kipo Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, ambacho kimefundisha Kiswahili na pia taaluma ya mazingira. Wanafunzi wa nyanja hizi mbili wanaweza kushirikiana kutafsiri muhtasari wa ripoti moja, kisha wakausoma mbele ya wanaohusika. Tasnifu kuhusu istilahi za mazingira ingefaa zaidi ikipimwa katika mkutano wa namna hiyo. NEMA nayo haina budi kudai muhtasari wa Kiswahili katika kila ripoti kabla ya kutoa leseni. Maji yakimwagika hayazoleki. Jirani aulizwe mapema, na aulizwe kwa lugha anayoweza kuijibu.