GOTI HALIPIMWI KWA PICHA YA MIFUPA



Kuna neno tumelisikia mara nyingi, nasi tumechoka nalo: "Picha ni safi, rudi kazini." Mchukuzi ateleza na gunia begani, goti lajipinda, asikia mlio, na kabla ya jua kutua goti limevimba. Apigwa eksirei. Mfupa haukuvunjika. Basi apewa vidonge, na kesho yake aitwa mvivu.

Twawauliza matajiri: tangu lini eksirei ikaona kano? Eksirei yaonyesha mifupa. Kano ni kamba ngumu zinazoufunga mfupa wa paja na mifupa ya chini ya goti. Kano kuu ni 4: 2 za pande, na 2 za ndani zinazopishana. Kano yaweza kukatika na picha ya mifupa ikawa safi kabisa.

Kipimo cha kwanza ni mikono ya daktari. Hulikunja goti kidogo, akashika paja, akavuta muundi mbele. Ukija mbele kuliko wa mguu wa pili, kano ya ndani ya mbele yashukiwa. Goti lililovimba huweza kukidanganya kipimo hiki. Kwa hiyo mtu apimwe tena uvimbe ukipungua. Shaka ikibaki, ipigwe picha ya MRI, inayoonyesha kano zenyewe.

Hatusemi kila goti lipasuliwe. Kano ya upande wa ndani mara nyingi hupona kwa kufungwa goti na kwa mazoezi. Hata ile ya mbele, wako wanaotengemaa kwa mazoezi. Wengine goti huzidi kuwaangusha, nao hupasuliwa. Lakini kano ya mbele yataka miezi, si siku 3 za ruhusa. Anayebebeshwa mizigo kwa goti linalocheza aweza kuharibu na gegedu la ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lori likikatika springi halitoki gereji mpaka litengenezwe. Je, mtu ni duni kuliko lori?

Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 yasema wazi: mwajiri akishajua, aripoti serikalini ndani ya siku 7, na gharama za matibabu ni juu yake. Madai yapelekwe ndani ya miezi 12. Basi ukiumia, sema siku ile ile, hakikisha imeandikwa, mwone na karani wa chama. Wala usitie sahihi kwamba umepona kabla daktari hajalishika goti lako.

Umoja ni nguvu.