Binti wa Shamba na Nyumba za Makarani

Katika baraza zetu hatuchoki kunena habari za mishahara, vyeo na uhamisho, na maneno hayo yana haki yake. Leo twaomba ruhusa tulete neno lisilotupa sifa, maana limo ndani ya nyumba zetu wenyewe: ni habari ya mabinti wa shamba na masomo ya sekondari.

Yatupasa kwanza kuipa Serikali ya Tanzania haki yake. Mwaka 2004 ulianza mpango mkubwa wa sekondari, na shule za kata zikajengwa mahali ambapo zamani mtoto alizisikia kwa masimulizi tu. Mwezi wa Januari 2016 ada ikaondolewa tangu Kidato cha Kwanza hata cha Nne, na mwaka 2022 ikaondolewa ya Kidato cha Tano na cha Sita. Mwezi wa Novemba 2021 wasichana waliotoka shuleni kwa sababu ya uzazi wakapewa ruhusa ya kurudi. Hapana awezaye kukana kwamba mlango uko wazi.

Walakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na njia ya kuufikia ni jambo jingine. Kata ina vijiji vingi, na vingine viko mbali sana na shule. Binti huamka kabla ya jogoo, huteka maji, hufagia uwanja na kuwasha moto, ndipo atoke gizani kwenda mwendo wa saa mbili kwa miguu. Jioni hurudi kwa njia ile ile, na ndoo yamngoja. Kaka yake hutoka katika nyumba iyo hiyo, lakini yeye hangojwi na ndoo. Wazazi wakiona taabu hiyo humpangia chumba karibu na shule. Huko hukaa pasipo mtu mzima, na unga ukimwishia kabla ya mwezi kwisha, hujitokeza mtu mwenye pikipiki na fedha kidogo. Kisha twasema binti hana adabu! Waliomwacha peke yake na njaa hatuwataji.

Mwingine hukomea darasa la saba, na hapo ndipo sisi tunapoingia katika habari hii. Karani akipata mtoto wa pili, hupeleka neno kwao: "Nitafutieni msichana wa kazi." Huja binti wa miaka 13 au 14 na mfuko wake mdogo, na pengine jina lake limo katika orodha ya waliochaguliwa kwenda Kidato cha Kwanza. Asubuhi huwafunga watoto wetu vifungo vya shati, huwabebea mikoba hata njia kuu, kisha hurudi kufua. Wote ni watoto. Mmoja huenda shule, mwenziwe humsindikiza. Nasi jioni twakaa tukinena maendeleo ya wanawake.

Tumesikia udhuru wa ndugu zetu. Wengine wasema, "Kwangu hula vizuri kuliko kwao." Pengine ni kweli, lakini chakula hakiondoi ujinga, na miaka minne ya ujana hairudi. Wengine wasema, "Ni mtoto wa ndugu yangu, namsaidia." Basi na amsaidie kwa kumpeleka darasani. Wengine hutaja sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi, nayo yaeleza kwamba kazi nyepesi ni ile isiyomdhuru wala kumzuia kuhudhuria shule. Sisi ndio tunaopiga chapa barua na kutunza majalada. Hatuwezi kujitetea kwamba hatukusoma.

Mtu asidhani twatetea vyeti tu. Mama aliyesoma huelewa maandishi ya chupa ya dawa, hupiga mwenyewe hesabu ya mahindi yake mbele ya mnunuzi, wala hatii kidole gumba katika hati ya shamba asiyoijua. Tena imeonekana katika nchi nyingi kwamba watoto wa mama aliyesoma hufa wachache zaidi. Na ni nani kati yetu ambaye hajaandika barua ya uhamisho wa mwalimu au mkunga asiyetaka kukaa shamba? Kijiji kisichosomesha mabinti wake kitaazima wageni siku zote, na mgeni huwaza safari.

Wazee waliokianzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali huko Tanga mwaka 1922 hawakungoja kusukumwa, nasi tusingoje. Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwanachama asiajiri nyumbani kwake binti wa umri wa shule. Mwenye haja ya msaada na aajiri mtu mzima kwa mshahara wa haki. Pili, kila tawi lichague shule moja ya kata na kuisaidia kupata bweni la wasichana: mabati, vitanda na mama mlezi. Tatu, aendaye kwao likizo na aonane na wazazi, hasa wa mabinti waliozaa, awaambie kwamba darasa lingali likiwangoja.

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Sisi tunaelea leo kwa mshahara na kalamu. Asubuhi tulipokwenda shule, maji tuliyooga yaliletwa na dada zetu kutoka mtoni, na wengi wao hawakupata kusoma hata barua tulizowaandikia. Deni hilo hatuwezi kuwalipa wao tena. Tuwalipe binti zao.