Mafuta ya nyasi: ahadi ya Marekani na funzo la Kisarawe

Januari 31, 2006, Rais George W. Bush wa Marekani aliliambia Bunge la nchi yake kwamba ethanoli itokanayo na vibanzi vya miti, mabua na nyasi za asili ingeweza kushindana sokoni katika muda wa miaka sita. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyotaka galoni bilioni 16 za mafuta ya jamii hiyo kwa mwaka ifikapo 2022. Mwaka huo ulipowadia lengo lilikuwa mbali mno, na sehemu kubwa ya kilichohesabiwa ilikuwa gesi itokanayo na taka, si nyasi.

Kulikoni?

Nyasi aliyoitaja Bush, Panicum virgatum kwa jina la kitaalamu, ni ya mbuga za Amerika Kaskazini. Hupandwa mara moja na kuvunwa kwa miaka kumi au zaidi. Mbali na kuchachushwa, hugeuzwa mafuta kwa joto. Husagwa na kutiwa katika tanuri lisilo na oksijeni, kwenye nyuzi 500 hivi za Selsiasi. Kwa sekunde chache huwa mvuke, nao ukipozwa haraka hutoa mafuta meusi. Mkaa na gesi hubaki.

Tatizo ni kwamba mafuta hayo yana maji na tindikali, hula chuma, na hayafai kwa gari mpaka yasafishwe kwa haidrojeni, kazi yenye gharama kubwa. Aidha, nyasi ni nyepesi na hujaza nafasi. Kuzisomba hadi kiwandani hula faida. KiOR, kampuni iliyotumia njia ya joto kugeuza miti kuwa mafuta huko Columbus, Mississippi, ilifilisika mwaka 2014.

Afrika Mashariki inayo mabingobingo, nyasi zenye asili ya bara letu. Lakini hizo tayari zina mwenyewe: ng'ombe wa maziwa wa mkulima mdogo. Wala tusiisahau mibono. Kisarawe, Tanzania, wanavijiji waliachia zaidi ya hekta 8,000 kwa kampuni ya Uingereza. Mwaka 2011 mradi ukakwama, nao wakabaki bila ajira na bila ardhi waliyoitoa.

Kwa hiyo mwekezaji ajapo, asiulizwe iwapo nyasi hutoa mafuta, hutoa. Aulizwe: mradi ukifa, ardhi itarudi kwa nani? Jibu liandikwe katika mkataba kabla trekta la kwanza halijaingia shambani.