Mambo madogo ya baraza la komini

Redio na magazeti hutuletea kila siku habari za Kinshasa: waziri fulani ametoka, waziri fulani ameingia, wabunge wamegombana usiku kucha. Habari hizo twazisikiliza kwa hamu, tena twazisimulia vizuri kuliko watu waliokuwapo. Lakini mtu akituuliza: «Baraza la komini yenu limekata shauri gani hivi karibuni?», tutatazamana tu. Wengine hata hawajui kwamba baraza hilo lina kazi. Basi leo twataka kuingia pamoja nanyi katika chumba cha baraza, tukae kwenye benchi la nyuma, tusikilize. Sheria yaturuhusu, kwa kuwa vikao vya baraza huwa wazi kwa watu wote, ila washauri wenyewe wakikata neno la kufunga mlango.

Twawaonya mapema kwamba mtachoka upesi. Kwanza mwandishi husoma yaliyosemwa katika kikao kilichopita, na mshauri mmoja husimama kulalamika kwamba maneno yake hayakuandikwa sawasawa. Kisha huja mfereji ulioziba nyuma ya soko. Kisha meza za wauza samaki, ambazo zimesogea kidogo kidogo hata zimefika katikati ya njia, na sasa gari la wagonjwa haliwezi kupita. Kisha makaburi yaliyojaa. Kisha choo cha soko, ambacho ufunguo wake una bwana mmoja asiyejulikana alipewa na nani. Kisha taa za barabarani. Kisha paa la shule ya watoto wadogo. Mwisho, watu wakiwa wamekwisha kuona njaa, hufunguliwa kitabu cha hesabu. Hakuna ngoma wala bendera, na wapiga picha hawaji.

Mabaraza hayo si mageni kwetu. Yalianza kwa amri ya tarehe 26 Machi 1957, iliyoweka utaratibu mpya wa miji. Disemba ya mwaka ule ule watu walitia kura Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, ndiyo Kinshasa, Lubumbashi na Likasi za leo. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Bukavu, Stanleyville na miji mingine. Waliopiga kura walikuwa wanaume tu, waliotimiza miaka 25. Akina mama, ambao tangu zamani ndio walipao kodi ya meza sokoni, hawakuulizwa neno.

Sasa tazameni lililotukia. Huko Léopoldville, Joseph Kasa-Vubu akawa burgumestri wa komini ya Dendale. Na siku ya kuingia kazini, tarehe 20 Aprili 1958, hotuba yake ilikuwa juu ya uchaguzi wa nchi nzima na haki ya kujitawala. Hatumlaumu. Nchi ilikuwa na kiu ya neno hilo, naye mwaka 1960 akawa rais wa kwanza wa Kongo. Huko Elisabethville mambo yalichukua njia nyingine. Maburgumestri Waafrika waliotokea katika kura ile walikuwa wenyeji wa majimbo mengine. Watu wakaanza kuhesabiana makabila, na mwezi wa Oktoba 1958 kikaundwa chama cha CONAKAT, cha wale waliojiita wana halisi wa Katanga. Uchungu wa hesabu ile baadhi ya wazee wanaujua hata leo. Basi katika mji mmoja baraza lilifanywa ngazi ya kupandia, na katika mji mwingine likafanywa mzani wa kupimia makabila. Mfereji wa nyuma ya soko ulingoja.

Umengoja sana. Wakati wa Zaïre komini ziliitwa zoni, na burgumestri akaitwa komiseri. Kwa miaka mingi aliyeongoza komini aliteuliwa kutoka juu, naye, kama ilivyo kwa kila mtu, alimtazama yule aliyempa kazi. Wakaaji wakamzoea kama wanavyoizoea hali ya hewa: akija mwema, wanashukuru, akija mbaya, wanangoja apite.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yatumia neno la zamani. Yahesabu komini, pamoja na mji, sekteri na sheferi, kuwa mamlaka yenye mfuko wake na haki ya kujiendesha. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza jinsi ya kufanya kazi hiyo. Baraza huchaguliwa na wakaaji. Burgumestri na msaidizi wake huchaguliwa na baraza, kutoka miongoni mwa washauri au nje yao. Pamoja na maeshevini wawili ndio wanaotekeleza yaliyokatwa. Baraza laweza kumwuliza burgumestri maswali kwa mdomo au kwa maandishi, na likikosa imani naye laweza kumwondoa. Hata hivyo halifanyi lipendalo lote: makadirio ya mapato na matumizi, na kila kodi mpya, hupita kwanza machoni pa gavana. Kura ya kuwachagua washauri chini ya utaratibu huu ilingojwa miaka mingi. Ilipigwa tarehe 20 Disemba 2023, tena katika komini za miji mikuu ya majimbo tu.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo watu wengi hulala, nasi twaomba sana msilale. Ninyi wanafunzi, chukueni kalamu. Katiba yasema kwamba katika kila franka 100 za mapato ya taifa, 40 ni za majimbo. Sheria ya 2008 yaongeza kwamba katika sehemu hiyo ya majimbo, 40 kwa 100 ni haki ya miji, komini, sekteri na sheferi. Mmekwisha kupata jibu: franka 16. Ndivyo ilivyoandikwa. Katika matendo fedha hizo huchelewa, hupungua njiani, na mara nyingi hazifiki. Kule penye machimbo kuna fungu lingine: tangu sheria ya madini ilipotengenezwa upya mwaka 2018, malipo ambayo kampuni hutoa juu ya madini yanayouzwa hugawanywa, na 15 katika kila 100 huenda kwa komini, sekteri au sheferi madini yanapochimbwa. Watu wa Kolwezi na wa Lubumbashi wanajua maana yake. Wangefaa pia kujua fungu hilo limeandikwa katika ukurasa gani wa kitabu cha komini yao.

Lakini komini nyingi hazina mgodi. Zina soko. Kwa hiyo fedha iliyo karibu zaidi na mkono wa baraza ni ile ndogo, iliyokunjwa, yenye harufu ya samaki na mawese, ambayo mama hutoa kila asubuhi kwa mtoza kodi. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme soko lina meza 400, na kila meza yalipa franka 500 kwa siku. Hizo ni franka 200 000 kwa siku. Soko likifunguliwa siku 26 kwa mwezi, ni franka 5 200 000. Sasa mtoza kodi humwambia mama mmoja katika kila wanne: «Mama, nipe 300 tu, tuache habari ya karatasi.» Mama anafurahi, maana amebakiwa na 200 za kununulia chumvi. Mtoza kodi anafurahi zaidi. Lakini mfukoni mwa komini zimekosekana franka 1 300 000 mwezi ule, na kwa mwaka 15 600 000. Fedha hiyo ingelipa vijana wa kuzibua mfereji, majembe, toroli na chokaa ya choo.

Hatusemi kwamba mama huyo ni mwizi. Amekwisha kulipa miaka mingi bila kuona chochote, na mtu aliyekula hasara hivyo hawezi kuambiwa: lipa tena kwa moyo mkunjufu. Twasema tu kwamba ile karatasi anayoiacha ndiyo silaha yake ya pekee. Karatasi zina namba. Mshauri mwenye bidii aweza kuomba vitabu vya karatasi zilizotolewa, akazihesabu, akalinganisha na fedha zilizoingia. Penye karatasi, swali laweza kuulizwa. Pasipo karatasi, burgumestri atasema «soko halizai», naye mtoza kodi ataitikia kwa kichwa.

Mfereji nao una hesabu yake. Maji ya mvua hayajui mpaka wa komini. Komini iliyo juu ikitupa takataka katika mfereji, mifuko ya plastiki hushuka na kuziba daraja la komini iliyo chini, na nyumba zinazofurika ni za watu ambao hawakutupa kitu. Ndiyo sababu shauri la mfereji halimalizwi na salongo ya siku moja. Salongo ni jambo jema, lakini mara nyingi twaona watu wakitoa matope mferejini na kuyaweka ukingoni, na mvua ya kwanza huyarudisha yote ndani. Yafaa pawe na mahali pa kutupia, gari la kuchukua, na makubaliano na jirani wa chini. Kadhalika yafaa baraza liwe na ushujaa wa kukataza mtu asijenge juu ya njia ya maji, hata kama mtu huyo amekwisha kupata karatasi ya kiwanja kutoka ofisi fulani. Mwezi wa Disemba 2022, mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 100 Kinshasa. Wengi walikuwa wamejenga penye vilima vinavyomomonyoka na mabonde ya mito. Si baraza lililoleta mvua. Lakini kila nyumba iliyobebwa ilikuwa imesimama katika komini yenye ofisi, na siku ya kuwekwa tofali la kwanza kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusema hapana.

Kwa hiyo mkienda kusikiliza, msitafute msemaji hodari. Kongo haijapungukiwa na wasemaji. Mtazameni yule mshauri anayeuliza maneno matatu ya kuchosha: nani atafanya, siku gani, kwa fedha ngapi. Shauri lisilo na mambo hayo matatu litarudi kikao kijacho likiwa vile vile. Wala msimwulize kabila lake. Mfereji ukifurika, maji huingia kwa Muluba na kwa Mushi sawasawa.

Limebaki jambo moja, nalo twaliweka mwisho kwa kuwa lawahusu wazazi wote. Burgumestri ndiye mwenye kitabu cha vizazi, ndoa na vifo katika komini, ile ofisi tunayoiita eta-sivili. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba katika watoto wanne walio chini ya miaka mitano, ni mmoja tu aliyekuwa ameandikishwa. Wazazi Wakristo hutujibu mara nyingi: «Mtoto wetu ameandikwa, tunayo kadi ya ubatizo.» Vema kabisa, na kadi hiyo itunzwe. Lakini kitabu cha parokia ni kitabu cha Kanisa. Hakimu, mkuu wa mitihani na karani wa pasipoti watadai kile cha komini. Wengine hutuonyesha sertifika ya hospitali. Hiyo nayo ni ushuhuda wa kupeleka kwa komini. Haitoshi peke yake.

Na baraza nalo lahusika. Litajuaje idadi ya madarasa ya kudai, ikiwa kitabu chake chasema kwamba mwaka huu wamezaliwa watoto 60, na wakunga wa zahanati moja tu wamepokea 600? Atakayesoma kitabu hicho mahali pengine ataamini kwamba komini yenu ni ya wazee.

Sheria yatoa siku 90 tangu mtoto kuzaliwa, na kuandikisha ndani ya siku hizo hakulipiwi. Zikipita, itawabidi kwenda mbele ya hakimu kuomba hukumu, na hapo kuna gharama na safari nyingi. Chukueni sertifika ya hospitali na vitambulisho vya wazazi. Baba akiwa safarini, msimngoje: mama mwenyewe, au bibi, au mkunga aliyekuwapo saa ya kuzaa, anaruhusiwa kwenda kutoa habari, na karani hana haki ya kumrudisha.